Kwenda Windsor siku huna kipindi: kagua kadi kabla ya kupanda treni

Faini ya pauni 100 ilinipata nikiwa bado ndani ya treni, hata minara ya kasri sijaiona. Ndiyo maana nawaandikia wadogo zangu mnaosoma Uingereza: ukipata siku huna kipindi na unataka kwenda Windsor kuona kasri la kifalme, anza kwa kuangalia tarehe ya Railcard yako.

Mnaijua, ile kadi ya miaka 16 hadi 25 inayopunguza theluthi ya nauli (aliyevuka umri huo naye huipata, mradi anasoma muda wote). Wengi wetu tunainunua Septemba, wiki ile ile ya kufika, na ile ya kawaida ni ya mwaka mmoja. Septemba inayofuata una mawazo ya chumba na ada, kadi inaisha kimya kimya. Mtego uko hapa: programu ya kununulia tiketi haihakiki kadi. Unachagua punguzo, unapewa punguzo, pesa inakatwa, tiketi inakuja na geti la stesheni linafunguka. Unaona mambo yako safi, mpaka mkaguzi afike kwenye kiti chako aombe na kadi.

Yangu ilikuwa imeisha siku kumi na moja. Mkaguzi alisogeza simu karibu na macho, akasoma tarehe mara mbili, akaniomba radhi kwa upole kabisa, kisha akaniandikia. Pauni 100 juu ya nauli. Ukilipa ndani ya siku 21, ile mia inakuwa hamsini. Nilikata rufaa, nikashindwa.

Shangazi akanipigia: "Ungemweleza tu kwamba wewe ni mwanafunzi, mgeni." Kaka naye akauliza kwa nini sikumwachia ya soda. Ndugu zangu, nawapenda, ila msitushauri hivyo. Kumpa mkaguzi hela huku ni kosa la jinai. Faini yenyewe ukiilipa inaishia hapo. Ukiipuuza inaweza kukufikisha mahakamani, na fomu ya viza inauliza habari za hukumu. Usiipuuze barua ya treni. Narudia, usiipuuze.

Nyumbani tiketi ya SGR ikishatoka na kitambulisho unacho, umemaliza. Huku tiketi ya punguzo bila kadi iliyo hai haihesabiki. Kadi ikiwa ndani ya simu, chaji simu, maana simu ikizima utahesabiwa huna kadi. Na Jumatatu hadi Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi ukitumia kadi hiyo nauli haishuki chini ya pauni 12, isipokuwa Julai na Agosti. Ondoka baada ya saa nne.

Yaliyobaki ni mepesi. Kutoka stesheni ya Waterloo, London, hadi Windsor & Eton Riverside hubadilishi treni, ni kama saa moja. Tiketi ya kasri nunua mapema mtandaoni. Wenye miaka 18 hadi 24 wana bei yao. Kwa kawaida Jumanne na Jumatano hufungwa. Jumapili usiende kama unataka kanisa la St George, kwa sababu siku hiyo ni ya ibada tu.

Na kanisa ndilo la kuliendea. Elizabeth II amelala humo pamoja na baba yake, George VI, aliyefariki Februari 1952 binti akiwa Kenya, kule Nyeri. Jiwe la kaburi ni jeusi, lina majina na miaka, bila maneno mengine. Nililipenda hilo. Waingereza nyumba zao za kifalme wamezijaza dhahabu, ila kaburini wanajua kunyamaza.

Lakini ulizia pia Alemayehu. Ni mwana wa mfalme Tewodros wa Ethiopia, alichukuliwa na Waingereza akiwa mtoto baada ya vita vya Maqdala, 1868, akafia Uingereza 1879 akiwa na miaka 18. Amezikwa hapo hapo, na kibao chake kina maneno ya Mathayo: nilikuwa mgeni, mkanikaribisha. Mwaka 2023 familia yake iliomba mabaki yarudishwe nyumbani, Buckingham Palace ikakataa. Watu wale wale wanaokuomba radhi huku wakikuandikia faini. Nilisimama pale muda mrefu, karatasi ya faini mfukoni.

Kabla ya kutoka, geuza tiketi yako ya kasri iwe ya mwaka mzima. Ukiwa umeinunua kwa wenyewe wa kasri, hawadai nyongeza. Mara ya pili utalipa treni tu.