Jinsi ya Kuandaa Sampuli ya Mnyauko wa Mikorosho kwa Ajili ya Kusoma Jenomu

Mnyauko fusari wa mikorosho husababishwa na kuvu ya Fusarium oxysporum, ambayo huishi udongoni na kuingia mtini kupitia mizizini. Anayekusudia kusoma jenomu yake (yaani DNA yake yote, yenye maelekezo ya urithi) kutoka shamba la Newala au Nachingwea afahamu kwamba kazi hii hufaulu au huharibika shambani, kabla mashine ya kusoma DNA haijawashwa.

Chagua mti unaoendelea kunyauka, wala si uliokwisha kukauka, kwa sababu mti mkavu huvamiwa na kuvu nyingine. Pangusa kisu kwa spiriti, bandua gome, na utaona michirizi ya kahawia ikipanda ndani ya ubao. Kata pale kahawia inapokutana na ubao mzima, kwani hapo ndipo kuvu ingali hai. Tia kipande katika bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hutoa jasho kwa joto la huku kwetu, na kipande huota ukungu mwingine. Andika kwa penseli, papo hapo, tarehe, kijiji na mahali mti ulipo.

Maabarani, kipande huoshwa kwa maji ya klorini, husuuzwa, kisha huoteshwa juu ya agari, yaani jeli ya kuoteshea kuvu. (Utaratibu huu haufai kwa kuvu ya ubwiriunga, ugonjwa mwingine wa mikorosho, kwani huishi juu ya mmea hai tu.) Kinachoota kisipelekwe moja kwa moja kwenye mashine: itengwe spora (chembe ya uzazi ya kuvu) moja tu, ioteshwe peke yake, kisha ijaribiwe kwenye miche mizima ya mkorosho. Nasisitiza jambo hili kwa sababu fusari nyingi za udongoni hazina madhara, na jenomu safi ya kuvu isiyohusika itampoteza mkulima na mtafiti pia.

Miche ikinyauka, na kuvu ileile ikapatikana tena ndani yake, ndipo DNA itolewe. Vipande vifupi vya DNA vya mashine ya Illumina husomwa kwa usahihi mkubwa, lakini peke yake havitoshi. Jenomu ya fusari ya nyanya, iliyochapishwa mwaka 2010, ina herufi za DNA zipatazo milioni 60 katika kromosomu 15, na baadhi ya kromosomu hizo, zinazobeba jeni za ugonjwa na zinazoweza kuhamia kuvu nyingine, zimejaa maneno yanayojirudia ambayo vipande vifupi havimudu kuyapanga. Kwa hiyo ongeza vipande virefu vya mashine ya Nanopore, kisha linganisha jenomu ya kuvu yako ya mkorosho na ya fusari isiyo na madhara iliyochukuliwa katika shamba lilelile.