Namna ya Kumfundisha Mtoto Mdogo Asihukumu Watu kwa Mwonekano

Mwongozo huu unawahusu wazazi, walezi na walimu wa elimu ya awali wenye watoto wa miaka mitatu hadi sita, umri ambao mtoto hutamka hadharani kila anachokiona. Ni mambo ninayoyafanya darasani kwangu hapa Temeke, na yote yanafanyika hata nyumbani bila kununua kifaa chochote.

Hatua ya kwanza: acha kumtisha mtoto kwa watu. Mitaani kwetu ni kawaida kumsikia mtoto akiambiwa kwamba asipomaliza uji atachukuliwa na mwokota makopo anayepita na kiroba chake. Uji huenda ukaisha, lakini mtoto ameshafundishwa kwamba nguo chakavu na mzigo mgongoni ni dalili za mtu mbaya, na aliyemfundisha ni mama yake mwenyewe. Asipokula, mwambie tu kwamba hatatoka kucheza.

Hatua ya pili: mjibu palepale. Tuseme mmo kwenye daladala la Mbagala, naye anamnyooshea kidole abiria mwenye ualbino na kuuliza kwa sauti mbona ni mweupe. Wengi wetu humfinya anyamaze, naye huelewa kwamba yule mtu ana jambo la aibu. Shusha kidole chake taratibu, kisha umjibu kwa sauti ya kawaida: "Kaka yule amezaliwa na ualbino. Ngozi yake haina rangi nyingi kama yetu, ndiyo maana amevaa kofia pana, jua lisimuunguze." Anayekaribia kuanza darasa la kwanza anaweza pia kuelezwa kwamba hali hiyo hurithiwa kwa baba na mama, hata kama wao wenyewe hawana ualbino, na kwamba haiambukizi.

Hatua ya tatu: isimamie shikamoo. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Mtoto wa mjini humwamkia upesi mgeni aliyeshuka kwenye gari, lakini humpita mlinzi wa getini na mzee wa mkokoteni kana kwamba hawapo, ilhali shikamoo hutolewa kwa umri na haiangalii viatu. Mkienda shule asubuhi, mwache amwamkie muuza kahawa, mama anayefagia barabara na mlinzi, na usimsemee. Simama kidogo, msubiri aseme mwenyewe. Si ajabu mzee wa mkokoteni akaitikia marahaba na kumuuliza anajua kuhesabu mpaka ngapi, na kuanzia siku hiyo mtoto ndiye atakayemtafuta. Nyumbani, dada wa kazi aitwe dada, si jina tupu, na wewe ndiye uanze.

Hatua ya nne: mchezo wa picha. Kata picha za watu kwenye magazeti ya zamani, kisha uliza maswali mawili tu: "Unaona nini?" na "Umejuaje?" Mtoto mmoja aliniambia kijana mwenye rasta ni mwizi. Nilipomuuliza amejuaje, alijibu, "Nywele." Nilimwomba aangalie mikono, akaiangalia kwa muda, akasema, "Kashika spana. Anatengeneza baiskeli." Sikuongeza neno, kwa sababu mahubiri huharibu mchezo huu. Angalia tu usichague picha za kuhurumia: mtu mwenye kiti cha magurudumu aonekane pia akiwa ofisini au sokoni akiuza.

Hatua ya tano: usalama. Wazazi huniuliza, na wana haki, kama mtoto wa namna hii hatamwamini kila mtu. Mfundishe kupima anachotaka mtu, si anavyoonekana. Yeyote anayemwambia afiche siri, anayetaka kuondoka naye bila wewe kujua au kumgusa sehemu za siri, awe amevaa suti au kandambili, akataliwe, mtoto akimbie na aje kukusimulia. Anayeweza kushika namba mfundishe 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto na hupigwa bila malipo.