Shairi linalosubiri usogee: liunde hatua kwa hatua

Tunaunda shairi la kompyuta kwa ajili ya msomaji mmoja. Anaingia nyuma ya pazia, anakuta nusu ya mshororo kwenye skrini, na nusu ya pili haitokei mpaka asogee. Akianza kuondoka, shairi linamwona.

Hatua ya 1: Tunga kabla ya kugusa waya

Wengi huanza na vifaa, kisha hutafuta maneno ya kuvijaza. Naomba usifanye hivyo. Mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, umekwisha kugawanyika wenyewe: ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), mizani, yaani silabi, nane kwa nane. Tunga ukwapi mmoja, kisha uutungie utao wa namna mbili:

Akiwa mbali: *Nilikuita kwa jina,*
Akisogea: *ukaja bila kusita.*
Akirudi nyuma: *mbona sasa unapita?*

Kina cha mwisho ni kile kile, kwa hiyo sikio halishtuki. Kilichobadilika ni uhusiano. Msomaji hakubonyeza kitufe wala hakuombwa kuchagua; hatua ya mguu wake ndiyo iliyotimiza mizani kumi na sita, na mara nyingi hulitambua hilo baada ya kusoma. Ndiyo maana napenda kihisi cha umbali kuliko skrini ya kugusa. Beti tatu zinatosha. Zikizidi, mtu huanza kucheza na mashine na kuacha kusoma.

Hatua ya 2: Amua ukaribu ni sentimita ngapi

Mwanaanthropolojia Edward T. Hall, akiwachunguza Wamarekani, aliuweka mpaka wa watu wa ndani kabisa kwenye takriban sentimita 45, na ule wa marafiki kwenye mita 1.2 hivi. Anza na namba hizo, kisha uzirekebishe kwa kuwatazama wasomaji wako.

Hatua ya 3: Unganisha kihisi

HC-SR04, kihisi kinachopima umbali kwa sauti, na Arduino Uno, kibao kidogo cha kielektroniki kinachosoma vipimo vyake, vinatosha. Kihisi hutoa mlio wa 40 kHz usiosikika, kikasubiri mwangwi. Gawa muda wa mwangwi, kwa mikrosekunde, kwa 58, upate sentimita. Kifunge usawa wa kifua, na uache milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo ili mwangwi wa zamani usichanganyike na mpya.

Hatua ya 4: Tuliza vipimo

Usiiruke hatua hii. Nguo nzito za sufu humeza mlio. Katika jaribio langu la kwanza, mama mmoja aliyevaa sweta alisimama karibu kabisa, naye shairi likamuuliza mbona anapita. Aliondoka akidhani amekosea. Iliniuma sana.

Dawa ni mbili. Chukua vipimo vitano, vipange kwa ukubwa, utumie cha katikati. Pili, tenganisha mpaka wa kuingia na wa kutoka: utao wa kwanza utokee chini ya sentimita 45, lakini wa kuaga usubiri mpaka avuke 70 na akae huko sekunde moja nzima. Bila pengo hilo, mtu akiyumba kidogo tu maneno yatapepesa.

Hatua ya 5: Onyesha maandishi

Tuma namba kwa kompyuta kupitia waya wa USB, uzisome kwa Processing, programu ya kuandikia msimbo wa picha na maandishi ya skrini. Herufi zijitokeze polepole, kwa sekunde mbili hivi, na zipungue ukubwa kadiri msomaji anavyokaribia, hadi ziwe za kusomwa na yeye tu. Mnong'ono wa maandishi ndio huo.

Wasanii Camille Utterback na Romy Achituv, katika kazi yao ya sanaa Text Rain ya 1999, walitumia kamera na projekta, herufi zikawa zinatua juu ya taswira ya mwili wa mtazamaji. Hiyo inapendeza palipo na watu wengi. Kwetu projekta ingemwangushia msomaji kivuli juu ya mshororo wake, hivyo tumia skrini ndogo, mwanga hafifu.

Hatua ya 6: Mwite msomaji

Mwache aingie peke yake bila maelezo, nawe ukae mbali na pazia. Akitoka, muulize anakumbuka mshororo upi. Akikutajia kihisi badala ya maneno, rudi hatua ya 1.