Namna ya Kupanga Msimu wa Tamthilia katika Ukumbi Mdogo

Chagua maandiko kwanza, kisha ndipo upange tarehe kwa kuzingatia mfungo wa Ramadhani na mitihani ya shule. Kwa ukumbi wa viti mia moja hivi, maonyesho kamili mawili au matatu yanatosha, na nafasi zinazobaki zijazwe na usomaji wa jukwaani, ambapo waigizaji husoma miswada wakiwa wameishika mikononi, bila maleba wala mapambo. Usomaji huu usidharauliwe hata kidogo: gharama yake ni ndogo, mazoezi yake huchukua siku chache, na humwezesha mwandishi kusikia mahali ambapo mazungumzo yanalegea kabla fedha haijatumika.

Tamthilia yenye umati wa wahusika, kama vile Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Maji Maji, huweza kulilemea jukwaa finyu. Lakini ikisomwa na waigizaji wanane, kila mmoja akibeba uhusika zaidi ya mmoja na mwingine akisoma maelekezo ya jukwaani, lugha yake husikika kwa uwazi ambao, kwa maoni yangu, maonyesho makubwa mara nyingi huufunika.

Omba mapema kibali cha maandishi cha mwenye hakimiliki, hata kama hakuna kiingilio. Baada ya usomaji, mwandishi aiulize hadhira maswali yake kwanza, na watazamaji waeleze walichokielewa kabla ya kupendekeza marekebisho. Mswada uliokomaa uingizwe katika maonyesho kamili ya msimu unaofuata.