Navyoshuti matangazo mafupi ya nguo yaonekane ya kweli (na rangi isikuumbue)

Juzi nimekaa siku nzima na rafiki yangu mwenye brandi ya magauni, tunashuti klipu nne tu za sekunde 15, na tatu kati ya hizo ikabidi tuzirudie kwa kosa lile lile lililoniumbua mimi nilipoanza kazi hii. Kosa lenyewe liko hatua ya 4, kama una haraka ruka moja kwa moja, hizo nyingine unaweza kuzisoma baadae.

Ila kwanza tuelewane. Kuna watu wanadhani tangazo likionekana limeshutiwa ovyo ndo linakuwa la kweli, basi mtu anatikisa simu makusudi, anaweka na kelele za kuigiza. Mtazamaji sio mjinga bana. Kinachomfanya aamini ni kuona kile ambacho angekiangalia mwenyewe nguo ikiwa mkononi mwake: kitambaa kinaangukaje, zipu inakwama au haikwami, ndani kuna bitana au hakuna, ukiinama pindo linapanda mpaka wapi.

Hatua ya 1: Tafuta swali moja

Ingia kwenye meseji na komenti za brandi, soma maswali ya wateja. Utakuta ni yale yale, inaonyesha ndani? inavutika? ina mifuko? ukifua inachuja? Chukua moja, hilo ndo tangazo lako. Klipu moja swali moja, ukitaka kujibu matano shuti klipu tano.

Skripti mi siandiki na sitaki kuletewa. Nikimpa modo maneno ya kukariri anaanza kuongea kama anasoma taarifa ya habari. Nampa swali tu, namwambia jibu kwa mikono. Kwenye ile klipu ya mifuko tulimwambia yule dada aweke tu simu mfukoni, akaisukuma taratibu akitegemea itaishia katikati, ikazama yote, akacheka akasema "eh, imemezwa!" Hiyo "imemezwa" ndo imekuwa tangazo, na wala hakuna mtu angekaa chini akaiandika.

Hatua ya 2: Mtu wa kuvaa

Mtu ambaye nguo inamkaa na ambaye angeivaa hata asipolipwa. Usimlipe halafu aseme ameinunua mwenyewe na ameitumia miezi sita. Ukiacha aibu, ni kesi: Marekani tume yao ya biashara, FTC, ilipitisha mwaka 2024 kanuni inayokataza ushuhuda feki wa wateja, ukiwemo ule unaotengenezwa na AI. Kama amelipwa iandikwe kuwa ni tangazo. Klipu ikiwa nzuri haiharibiki kwa hilo.

Hatua ya 3: Simu

Wima, 9:16, pikseli 1080 kwa 1920, fremu 30 kwa sekunde. Kamera ya nyuma. Futa lenzi.

Lile lenzi pana, ile 0.5, liache kabisa kwenye nguo. Linavuta miguu, linapanua mabega, mteja akija kuivaa anashangaa mbona kwake haikai vile. Mi narudi nyuma hatua kadhaa natumia zumu ya 2x, mwili unakaa kwenye umbo lake. Simu iwe usawa wa kiuno, kwenye stendi. Ndiyo, stendi, nimeshasema habari za kutikisa.

Hatua ya 4: Rangi (hapa ndo nilipolia)

Kazi yangu ya mwanzo mwanzo ilikuwa gauni la rangi ya damu ya mzee. Kwenye klipu likatoka jekundu kabisa, lile la kung'aa. Tangazo likafanya vizuri, oda zikaingia, halafu magauni yakaanza kurudi moja moja, kila mtu anasema ametumiwa rangi nyingine. Mwenye brandi hakunilaumu hata, alinyamaza tu, ambayo ni mbaya zaidi. Nilikesha siku mbili nikivuta vidude vya rangi kwenye kuediti, nikiponya gauni ngozi ya modo inakuwa ya kijani, nikiponya ngozi gauni linarudi wekundu. Kumbe tatizo halikuwa kwenye kuediti, na halikuwa moja, yalikuwa matatu yamekaa pamoja.

La kwanza, taa mchanganyiko. Upande mmoja dirisha, juu taa ya njano ya chumbani. Mwanga wa mchana unacheza kwenye kama Kelvini 5600 (Kelvini ndo kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo ni njano, kubwa ni bluu), taa za njano za nyumbani ni kama 2700, na kamera inaweza kufuata mmoja tu, kwa hiyo nusu ya nguo inakuwa ya bluu au nusu ya chungwa na hakuna filta itakayokuokoa. Zima taa zote, tumia dirisha peke yake. Sio jua linalopiga moja kwa moja lakini, hilo linaunguza weupe, modo asimame ubavu kwa dirisha na upande wa pili uweke kitu cheupe kirudishe mwanga, hata shuka. Na uangalie kuta! Ukuta wa kijani unamwaga ukijani kwenye nguo nyeupe, mi niliwahi kudhani simu imeharibika.

Kama lazima utumie taa, zote ziwe za aina moja. Ukiona mistari inatembea kwenye video usiitupie simu lawama, ni taa inapepesa pamoja na umeme: kwenye umeme wa hezi 50 weka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50 au 1/100, kwenye hezi 60 weka 1/60 au 1/120.

La pili, kamera inajibadilisha yenyewe. Modo akigeuka, gauni likijaa kwenye fremu, simu inaona "mbona wekundu umezidi" inasahihisha, akirudi inasahihisha tena, unapata klipu moja yenye magauni matatu. Mwanga pia hivyo hivyo, simu inataka kila kitu kiwe cha wastani, ndo maana suruali nyeusi inatoka ya kijivu iliyopauka na shati jeupe linatoka kama limefuliwa na jinzi. Bonyeza na kushikilia kwenye skrini mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu shusha mwanga kidogo kwa nguo nyeusi, pandisha kidogo kwa nyeupe. Lakini hiyo haimaanishi umefunga na weupe, ile waiti balansi inayoiambia kamera nyeupe ni ipi, kwenye programu nyingi utaikuta imeandikwa WB. Kwa hiyo mi natumia Blackmagic Camera, ni ya bure, unafunga kila kitu kwa namba. Najua kuna nyingine, sijaona sababu ya kuhama. Kabla ya kuanza modo ashike karatasi nyeupe isiyo na mng'ao kifuani, unaweka WB mpaka karatasi iwe nyeupe kweli, unafunga, na hugusi tena mpaka uhame sehemu.

La tatu ndo lililonimaliza: HDR, yaani namna ya kurekodi yenye mwanga na rangi nyingi kuliko video ya kawaida. iPhone kuanzia 12, ya mwaka 2020, zinarekodi HDR bila wewe kuomba. Kwenye simu yenyewe video inawaka mpaka unajisifu, ukiipeleka kwenye programu ya kuediti ambayo haijawekwa sawa inatoka imepauka au rangi zimelipuka, ukiposti inabadilika tena. Ingia setingi za kamera, kwenye kurekodi video, zima HDR. Tu. Siku mbili za maisha yangu ziliishia kwenye kibonyezo kimoja. Na rafiki yangu juzi, simu mpya, hajawahi kukigusa, klipu tatu zikaenda na maji.

Nguo yenye mistari myembamba sana ni kesi nyingine, inatengeneza mawimbi yanayocheza kwenye skrini. Sogea karibu au rudi nyuma, badilisha pembe kidogo, yanapotea.

Hatua ya 5: Shuti

Anza kitendo kikiwa katikati. Mkono tayari uko kwenye zipu, sio modo anatembea kuja kusalimia. Chukua kila kitendo mara tatu: mwili mzima, kiuno, halafu karibu kabisa mpaka uzi wa mshono uonekane. Mikunjo midogo ya kukaa iache. Ile ya kutoka kwenye mfuko piga pasi.

Hatua ya 6: Sauti

Rekodi sauti ya nguo yenyewe: zipu, jinzi inavyokwaruza, kifungo. Sogeza maiki karibu. Muziki uwe chini yake. Na wimbo unaovuma kwenye akaunti yako binafsi haimaanishi unaruhusiwa kwenye tangazo, TikTok wana maktaba yao ya muziki wa biashara, chukua humo.

Hatua ya 7: Kuediti

Kata, weka maandishi, basi. CapCut inatosha. Filta za ngozi laini zizime, zinalainisha na kitambaa, knit (nguo ya kufuma) inageuka plastiki. Maandishi yasikae chini kabisa wala kulia, huko kuna kapsheni na vibonyezo.

Hatua ya 8: Kutuma

Ukimtumia mteja kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama video ya kawaida inabanwa na mtaanza kubishana rangi upya. Na nguo usiirudishe mpaka klipu ikubaliwe. Mi naitandika karibu na dirisha lile lile, naweka simu juu yake video ikiwa imesimama, mwanga wa skrini katikati, naangalia pindo halisi na pindo la kwenye skrini. Nikiona tofauti siitumi, nashuti tena kesho mwanga ukirudi.