SOMO: Kuomba sehemu ya kushushia mzigo mbele ya duka, Arusha mjini

Wakuu habari za majukumu. Wenye fremu kuzunguka Soko Kuu na kule Kilombero mnaijua hii, fuso inafika na mzigo inakuta mbele ya duka wamepaki watu waliokwenda benki, dereva anasimama katikati ya barabara, vifodi (daladala ndogo za hapa) nyuma vinapiga honi, makuli wanakimbizana na mifuko ya simenti na trafiki huyo anakuja. Dawa ipo na ni ya halali, unaomba utengewe sehemu ya kushushia na kupakia. Mimi nashughulikia makaratasi ya maduka hapa mjini, kwa hiyo twende taratibu.

Hatua ya kwanza, jua barabara ni ya nani. Wengi wanapotea hapa, wanakimbilia jiji na barua wakati barabara ina mwenyewe. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani na za mjini zipo TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017, na kila wilaya ina meneja wake. Jiji wana leseni yako ya biashara, usafi, mipango miji na mgambo. Kwa hiyo ukiwa mtaa wa ndani barua iende kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa Mkurugenzi wa Jiji, ukiwa kwenye lami kubwa anza TANROADS mkoa. Kama huelewi mtaa wako uko wapi nenda kaulize kabla hujaandika chochote, barua iliyokosea mlango inakaa tu kwenye faili la watu.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi, na watu wanairuka. Kaa dukani uangalie mtaa wako. Mzigo unaingia saa ngapi, kwa gari gani, unashuka kwa muda gani. Kirikuu, ile pikapu ndogo, inashusha fasta inaondoka, fuso ya vigae inakaa sana, usiombe nafasi ya fuso wakati unaletewa na kirikuu. Na usiombe siku nzima! Ukiomba saa 24 unaomba kunyimwa, maana barabara ni ya watu wote. Kama magari yako ya Dar yanaingia alfajiri, omba saa 11 alfajiri mpaka saa 3 asubuhi halafu nafasi irudi kwa umma. Injinia akija anataka kujua kama gari lako likisimama pale mengine yanapita, na mtu wa miguu anapita wapi. Ukimjibu hilo kwenye karatasi kabla hajauliza umemrahisishia sana.

Kwa hiyo chukua tepu upime. Urefu wa gari, ongeza nafasi ya kufungua bodi la nyuma na makuli kupita. Chora hata kwa mkono ila kisafi, onyesha upana wa barabara, mtaro, kona, zebra, kituo cha vifodi na kijiwe cha boda kama kipo. Karibu na kona au zebra usijaribu kabisa, hapo watu wanagongwa kwa sababu gari lililosimama linaziba macho. Ongea pia na majirani. Mimi napenda sana maduka mawili matatu yaombe pamoja sehemu moja, hakuna wa kukuwekea pingamizi na matumizi yanaonekana.

Hatua ya tatu barua. Fupi, ukurasa mmoja: wewe nani, duka liko wapi, unaomba urefu gani, saa zipi, gari gani. Ambatanisha leseni ya biashara, TIN, utambulisho wa serikali ya mtaa, mchoro na picha za mbele ya duka. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, hiyo ndiyo ya kufuatilia nayo.

Hatua ya nne wanakuja kukagua, wakikubali unapewa kontrol namba, ya serikali huwa inaanza na 99, unalipa benki au kwa simu. Mtu akikwambia umpe keshi akusaidie huyo ni kishoka, mkatalie. Kibao na rangi ya chini havipakwi na wewe, subiri maelekezo yao, na mambo ya kuweka matairi na ndoo za zege barabarani acheni jamani, boda zinaanguka usiku.

MASWALI

Swali: Shikamoo mkuu, mimi nipo Moshi jirani na soko la Mbuyuni, huku ni manispaa, inakuwaje?
Jibu: Marahaba dada. Utaratibu ni huohuo, TARURA ipo na huko, nakala tu inaenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa.

Swali: Fremu yangu ilipigwa X nyekundu, naweza kuomba?
Jibu: Malizana na hiyo X kwanza kaka. Sheria ya Barabara ya 2007 inaipa barabara kuu mita 30 kila upande kuanzia katikati, na X nyekundu maana yake wanakuhesabu umo ndani ya hifadhi ya barabara, unatoka bila fidia. Hawatakupa kibali mbele ya jengo wanalotaka litoke.

Swali: Nikipata kibali nikakuta mtu kapaki nimfunge mnyororo?
Jibu: Hapana, huna mamlaka hayo. Mwonyeshe kibao kwa ustaarabu, akigoma piga picha uite trafiki. Na wewe ukiacha gari pale bila kushusha kitu una kosa kama yeye.

Swali: Mimi napokea kontena mara chache sana kwa mwaka, nifanye yote haya?
Jibu: Omba kibali cha siku hiyo tu, uwahi. Taja uzito na njia utakayopita, maana mitaa mingi ya ndani ina vibao vya kuzuia magari mazito.

Swali: Mbele ya duka langu kuna mama anauza ndizi miaka yote, itakuwaje?
Jibu: Mwonyeshe kwenye mchoro, usimfiche, injinia atamkuta tu. Ongea naye saa zake, kama anatandika saa 4 na mzigo wako unaisha saa 3 hakuna ugomvi wowote. Zikigongana kamwone mtendaji wa kata mkiwa wote wawili kabla ya kupeleka barua.