Seva ya Kwanza Ikifa, Ya Pili Isisubirishwe

Umeme ulikatika saa nane usiku hapa chuoni kwetu Jinja. Uliporudi alfajiri, swichi za mtandao ziliwaka zote, ila seva yetu ya RADIUS, ile ambayo swichi huiuliza kama mtu aruhusiwe kuingia mtandaoni, ilibaki imezima. Saa mbili na robo mama mhasibu akanipigia: "Mwanangu, mtandao umenikataa, na leo ndiyo siku ya mishahara."

Nilishangaa, maana tuna seva ya pili Kampala, kilomita 80 hivi kutoka hapa, na asubuhi ile ilikuwa nzima kabisa. Nikaenda ofisini kwake, nikachomeka laptopu yangu kwenye waya wake, nikahesabu. Sekunde 20 za kimya, ndipo mtandao ukafunguka. Simu za wanafunzi kwenye waifai hazikuwa na subira hiyo. Zilikata tamaa, zikaanza upya, tena na tena.

Sekunde 20 hizo zina hesabu yake. Swichi ya Cisco yenye IOS (mfumo endeshi wa Cisco wenyewe), usipogusa chochote, husubiri jibu sekunde 5, kisha hurudia ombi mara 3. Ombi la kwanza na marudio yake ni majaribio 4. Zidisha kwa 5. Baya zaidi, `deadtime`, muda wa kuiruka seva iliyokufa, huwa 0, yaani swichi haikumbuki kwamba seva imekufa. Kila mtu anayekuja, hata akiwa wa mia, inampeleka kwanza kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Hivi ndivyo nilivyoweka kwenye swichi siku hiyo hiyo:

```
radius-server timeout 3
radius-server retransmit 1
radius-server dead-criteria time 5 tries 4
radius-server deadtime 10
```

Majaribio 2 ya sekunde 3 ni sekunde 6, na simu nyingi zinazivumilia. Usishawishike kushuka hadi sekunde 1. Seva ya RADIUS mara nyingi huenda kuuliza kwenye hifadhidata ya watumiaji kabla ya kujibu, na saa mbili asubuhi, watu wote wanapoingia pamoja, hujibu polepole. Ukiibana mno, swichi itamtangaza maiti mgonjwa wa mafua.

Mstari wa tatu ndio unaozuia kosa hilo. Masharti yote mawili lazima yatimie: sekunde 5 zipite bila jibu lolote halali, na majaribio 4 mfululizo yapotee. Pakiti moja ikipotea njiani, hakuna anayezikwa.

`deadtime` huhesabiwa kwa dakika. Kwa dakika 10 hizo maombi yote huenda Kampala moja kwa moja, bila kupitia seva iliyokufa. Ukiweka 60, seva ya hapa itafufuka na bado swichi itaendelea kuipita. Ukiweka 1, kila dakika kuna mtu mmoja au wawili wanaolipia jaribio jipya. Kwetu 10 imetosha.

Sasa jaribu, na ujaribu kwa kuchomoa waya wa mtandao wa seva kwa mkono wako. Ukisimamisha programu tu, mashine yenyewe bado iko hai na inaweza kurudisha ujumbe kwamba mlango umefungwa. Kimya cha kweli hutaki kukiona kwa mara ya kwanza siku ya mishahara. Ingiza watu watatu wanne, kisha andika `show aaa servers` uone kama hali imekuwa DEAD. Hapo ndipo nilipogundua kwamba swichi mbili za maktaba hazikuwa zimeandikwa kwenye FreeRADIUS, programu ya RADIUS inayoendesha seva ya Kampala. Seva hiyo ikipata ombi kutoka kwa mteja isiyemjua hulitupa kimya kimya, kwa hiyo kwa maktaba seva zote mbili zilikuwa zimekufa. Linganisha anwani na neno la siri la kila swichi, kwenye seva zote mbili, moja baada ya nyingine.

Kwa kuingia kwenye swichi yenyewe, weka `local` baada ya `group radius` kwenye mstari wa `aaa authentication login`, uwe na akaunti ya ndani, iliyohifadhiwa kwenye swichi hiyo. Ila fahamu: akaunti hiyo hutumika pale tu seva zinaponyamaza. Seva ikijibu "hapana", jibu ni hapana.

Kisha rudi kwenye seva iliyogoma kuwaka. Yetu ilikuwa imewekwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) isijiwashe umeme unaporudi, nikabadilisha. Nilipoiwasha, saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi kwa sababu betri ndogo ya ubaoni imekwisha, na kwa tarehe ile cheti cha usalama kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Nilinunua betri mpya ya CR2032, nikaiweka, nikawasha NTP inayosahihisha saa kupitia mtandao, ndipo nikampigia mama mhasibu ajaribu tena.